Otmar Nkwabi, Fundi wa Matimba Aliyemwachia Mungu Mwanaye

Baba Paroko, Katekista wetu, viongozi wa Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu, majirani wa Namonge, wageni mliotoka Kagongwa, Chato na Bugarama, na wewe mtani uliyekuja kutuchekesha tukiwa na machozi, familia ya Nkwabi inawasalimu, shikamooni wakubwa, wabeja, asanteni sana kwa kufika, na inawaomba mkae vizuri msikilize, kwa sababu mzee aliyelala hapa mbele yetu alikuwa na maneno machache na maisha marefu, na mengi tutakayoyasema tumeyapokea kinywani mwa dada yake, Bibi Asteria, aliyembeba mgongoni angali mchanga na ambaye mpaka leo hajasahau sauti ya mtu.

Marehemu Otmar Nkwabi alizaliwa Alhamisi, tarehe 12 Machi 1953, hapa Namonge, Ushirombo, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Nkwabi na Mama Febronia, akabatizwa misheni ya Ushirombo Jumapili ya Pasaka, tarehe 5 Aprili ya mwaka huohuo, na jina la Otmar alipewa na padre mzungu aliyekuwa na ndevu mpaka kifuani, bibi yake akajaribu kulitamka mara kadhaa likamshinda, akasema, "Hilo jina lina mwiba katikati, mimi nitamwita Otomari, padre akikasirika aje anyonyeshe yeye," na ndiyo maana wazee mliopo hapa mnamwita Otomari.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1962, akasoma mpaka darasa la nne mwaka 1965, akaachia hapo kwa sababu ng'ombe wa baba yake walikosa mchungaji, lakini katika miaka hiyo alipata jambo moja ambalo lilimkaa maisha yote, kwani mwaka 1964 walipokuwa katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, Mwalimu Sostenes akiwaeleza kwamba Mungu aliumba ulimwengu kisha akapumzika, Otmar alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na tangu siku hiyo anafanya nini?" Darasa zima likaangua kicheko, Mwalimu Sostenes hakucheka, akamshika mkono akamtoa nje mpaka kwenye shamba la mahindi la misheni, akamwuliza, "Juzi muhindi huu ulikufika wapi?" akajibu, "Magotini, Mwalimu," "Na leo?" "Umepita magoti," "Ulikuja usiku ukauvuta?" "Hapana, Mwalimu," na mwalimu akamwambia, "Basi yupo ambaye hakulala, rudi ndani ukawaambie wanaocheka." Alirudi akawaambia, wakacheka tena, lakini yeye alikwisha kupata lake, na alipokuwa mtu mzima, akiulizwa habari za asubuhi alizoea kujibu, "Mungu hajaweka randa chini," watu wakadhani ni namna yake ya salamu.

Kazi ya useremala alijifunza katika karakana ya misheni kuanzia mwaka 1969, akatengeneza milango, vitanda na mabenchi ya makanisa, hata mabenchi ya kigango chetu mnayoyakalia kila Jumapili ni ya mkono wake, na mwaka 1988, dhahabu ilipowavuta vijana wengi kwenda pande za Bugarama, na yeye alikwenda, lakini hakwenda kuchimba, alikwenda kuweka matimba, yaani zile mbao na magogo yanayozuia udongo ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, usiwaangukie wachimbaji. Wenye maduara wa Bugarama mpaka Geita walimfahamu, wakamwita Fundi, na fundi huyu alikuwa na masharti, kwamba akimaliza kuweka timba analala chini yake kwanza yeye, ndipo awaruhusu wengine kushuka, na kwamba hapokei mti ambao hajaugonga kwa ngumi akausikiliza. Kulikuwa na mwiko mmoja wa mashimoni ambao aliulinda kuliko wote, nao ni kwamba watu wakipanda kutoka chini kwa kamba, wa nyuma hamshiki mguu aliye mbele yake, hata ateleze, hata aone giza machoni, kwa maana ukimshika mguu mnarudi chini wote wawili, na wachimbaji wa zamani waliopo hapa wanakumbuka sauti yake ikipaa kutoka shimoni, "Wewe, mwache mwenzako apande!"

Jumamosi ya tarehe 23 Oktoba 1976, katika kanisa la Ushirombo, alifunga ndoa takatifu na Scolastika, binti wa hapohapo jirani, ambaye alikwisha kumkataa mara mbili kwa maelezo kwamba seremala ananuka gundi, na Mungu aliwajalia watoto wanne, Martina aliyezaliwa mwaka 1978, Abel mwaka 1981, Raphael mwaka 1985, na Sikujua mwaka 1990, aliyepewa jina hilo kwa sababu mama yake alidhani ameshafunga duka.

Habari za Abel ndizo zinazoeleza mzee huyu alikuwa nani, kwa hiyo hatutazipita kimyakimya, ingawa wapo walioshauri zipitwe. Abel alikuwa mtoto wa vicheko, wa redio begani, mwenye sauti nzuri iliyoongoza nyimbo kigangoni, na mwaka 2005 alifunga ndoa na Hosiana, binti wa wavuvi wa Chato, wakapata mtoto wao Febronia mwaka 2007, na mwaka huohuo Abel akamfuata baba yake mashimoni, lakini hakumfuata katika masharti yake. Alitaka kuchimba, alitaka haraka, akaacha Misa, akaenda kwa mganga akafungwa hirizi kiunoni ya kuita dhahabu, na mkewe alipoiona akamwambia, "Abel, kiuno hicho ulikiapia altareni," akamjibu akicheka, "Mama Febronia, Mungu ana watu wengi wa kuwaangalia, acha na mimi nijiangalie kidogo," na tangu hapo wawili hao walikuwa wakinuniana, na baba yake naye alikuwa amemnunia.

Jumapili tarehe 6 Desemba 2009, Jumapili ya pili ya Majilio, mvua ikiwa imenyesha siku mbili, Abel na wenzake waliingia katika duara moja ng'ambo ya Bugarama ambalo halikuwa na timba la kuaminika, hawakumsubiri fundi yeyote, na udongo ukashuka. Otmar alipata habari akiwa anatoka Misa hapa Namonge, akapanda gari na nguo zake za kanisani, shoka na msumeno mapajani, akafika, akashuka, akaweka matimba na kuchimba pamoja na vijana mpaka wenzake Abel wawili wakatolewa wakiwa hai, lakini kila walipomsogelea Abel udongo uliporomoka upya, mpaka viongozi wa machimbo na mwenye duara wakasema inatosha, hatutazika watu kumi kwa kumtafuta mmoja, wakamvuta Otmar juu kwa kamba akiwa anapiga kelele, na baada ya siku chache shimo lile likafukiwa.

Wazee wa ukoo walikaa wakasema, mwili haupo, basi tufanye kama walivyofanya baba zetu, tuzike shina la mgomba mahali pake, tulie, tunyoe, tumalize. Otmar akakataa. Akasema, "Sijaona mwili, sijazika mtu, na mwanangu sitamzika kwa mdomo." Wakadhani ni uchungu, wakampa muda, lakini muda ulipita na neno lake likabaki lilelile, na ilipofika Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, familia zinapompa Katekista majina ya kuombewa, Otmar alitaja wazazi wake na ndugu zake kwa marehemu, kisha akasema, "Na Abel Otmar, mweke kwa walio hai." Katekista akamtazama, akasema, "Mzee, kwa walio hai?" "Hujasikia?" "Nimesikia, Mzee." Na jina likasomwa hivyo, mwaka ule na mwaka uliofuata na miaka yote iliyofuata, kanisa likawa linainamisha vichwa likifika jina hilo, na mtani wake Paschal, Msumbwa huyu aliyekaa pale nyuma anayejifanya hasikii, alimngoja mlangoni akamwambia, "Ninyi Wasukuma mna mambo, ng'ombe amepotea miaka mingapi bado unamtilia maji kila jioni?" Otmar akamjibu, "Wako alipotea hata maji hukumpa," wakaachana.

Watu wengi walidhani anakataa kifo kwa sababu ya mapenzi ya baba, na hilo lilikuwepo, lakini ndani zaidi kulikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu. Huku mitaani, kwenye visima na kwenye pombe, alikuwa ameyasikia maneno, na mengine yalisemwa makusudi ayasikie, kwamba Abel alikufa Jumapili akiwa shimoni wenzake wakiwa kanisani, kwamba alikufa na hirizi kiunoni, kwamba hakuungama, sasa huyo mnamwombea nini, huyo ameshakwenda anakokwenda. Otmar aliyachukua maneno hayo akaenda nayo karakanani, akafikiri, kama Abel amekufa, basi amekufa hivyo, na mlango umefungwa, lakini kama hajafa, kama yuko hai mahali fulani, amepotelea machimbo ya mbali huko, basi bado ana muda wa kutubu, na mimi baba yake nitamshikia muda huo, sitauachia. Akaushika, kwa ugumu uleule wa mtu anayelala chini ya timba lake mwenyewe.

Lakini aliyelipia ugumu huo alikuwa Hosiana. Alibaki katika mji wa wakwe zake, akalima pamba, akalima mpunga, akamlea Febronia, akapiga magoti kuwasalimu wakwe zake kila asubuhi kama siku ya kwanza aliyoletwa, na mwaka 2017, Pantaleo, mgane wa Kagongwa, mtu wa mashine ya kukoboa mpunga, mtaratibu, Mkatoliki, alimwomba amwoe. Hosiana hakutaka kuishi na mwanamume pembeni na kukaa mbali na Komunyo, alitaka altare, akaenda kwa Paroko wa wakati huo, naye akamwelekeza vizuri kwamba ndoa yake na Abel inamfunga mpaka ithibitike kwa uhakika mbele ya Kanisa kwamba Abel amefariki, na kwa kuwa mwili haukuonekana, watatakiwa mashahidi, na wa kwanza wao ni baba aliyekuwa ndani ya lile shimo na kuona kwa macho yake jinsi lilivyofunga. Hosiana akarudi, akapiga magoti mbele ya mkwe wake, akaeleza, na Otmar akasema, "Mume wako yuko kwa walio hai, kila mwaka anasomwa, wewe huwa husikii?" akaingia ndani.

Mkewe Scolastika alimfuata, na maneno aliyomwambia siku ile yalisikika mpaka kwa jirani, "Baba Martina, mtoto umemzaa na mimi, mimi ndiye niliyemnyonyesha, na mimi nimeshamlia, wewe umelia lini? Na huyu mtoto wa watu unamweka hapa kwangu amfagilie nani, amsubiri nani, mpaka meno yamwanguke?" Mzee akatoka akarudi karakanani, na kwa muda wa miaka miwili mji ule ulikuwa na ukimya wa watu wanaokula pamoja bila kutazamana, Pantaleo akija anakaa nje ya uzio, anaacha kiroba chake cha mchele, anasalimia, anaondoka, na Otmar anaendelea kupiga randa bila kuinua kichwa.

Ikafika Jumamosi ya tarehe 2 Novemba 2019, siku ya kuwakumbuka marehemu wote, tukatoka Misa tukaenda makaburini, kila familia inang'oa majani kwenye makaburi yake na kuwasha mishumaa, na Hosiana alikuwa amebaki na mshumaa mmoja mkononi, hana kaburi la kuuweka. Akatembea mpaka kwa mkwe wake aliyekuwa ameinama juu ya kaburi la mama yake mzazi, akapiga magoti kwenye udongo, akasema, "Baba, nikuulize jambo?" Mzee akasema, "Sema, mayu," yaani mama. Akasema, "Mimi namwombea Abel kila siku Mungu ampe raha ya milele, na wewe unamwombea kila siku arudi nyumbani, sasa Mungu amsikilize nani kati yetu?"

Watu waliokuwa karibu waliacha kung'oa majani, na Otmar, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu, akaitoa hofu yake, akasema kwa sauti ndogo, "Mayu, alikuwa na hirizi. Hakuungama. Nikisema amekufa, nimemfungia mlango huko ndani." Hosiana akamtazama usoni, jambo ambalo mkwe hamfanyii mkwe wake huku kwetu, akamwambia, "Baba, siku ile ninyi mlizuiwa kushuka kwa sababu udongo ulikuwa unaanguka. Mungu naye alizuiwa na mwenye duara?"

Wapo walioguna, wapo walioweka mkono mdomoni. Hosiana akaendelea, wala hakulia, "Wewe ulikuwa juu unapiga kelele, na yeye alikuwa chini gizani na pumzi inakwisha, unajua alisema nini pumzi ya mwisho? Mimi sijui, wewe hujui, wale wa kwenye pombe hawajui. Mungu alikuwepo, alisikia. Na kama Abel aliondoka na uchafu mwingi, mimi nilimfahamu, alikuwa nao, basi Mungu anamsafisha, na sisi tunamsaidia kwa Misa na sala, ndiyo tunayofundishwa, ama tunaikariri tu? Nani kakwambia kazi ya Mungu inaishia kwenye mdomo wa shimo?"

Mzee akakaa chini, akakaa kwenye udongo na suruali yake ya kanisani, akatazama ule mshumaa, na tuliokuwepo tulimsikia akisema polepole, kama mtu anayezungumza na mbao, "Kumbe mwanangu anapanda, na mimi ndiye niliyemshika mguu." Halafu akalia, kilio ambacho mkewe alikuwa amekidai, na Scolastika akaenda akakaa chini karibu naye, na Paschal, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, akachukua mshumaa mkononi mwa Hosiana, akauchomeka ardhini kati ya wale watu watatu, akawasha.

Alipoinuka pale hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Jumapili iliyofuata alimwendea Katekista mbele ya watu wote, akasema, "Abel Otmar, mtoe kwa walio hai wa hapa, mweke kwa marehemu, kwa Mungu yeye anajua alivyo hai," na Januari 2020, akiwa na vijana wale wawili waliotolewa hai, alikwenda parokiani, akaweka mkono juu ya Biblia, akashuhudia mita kwa mita jinsi lile duara lilivyofunga na kwamba hapakuwa na njia ya mtu kutoka, na aliposema neno "alikufa" Paroko akamwambia apumzike kidogo, akasema, "Hapana, Padre, nikipumzika sitalisema tena, andika." Misa ya kumwombea Abel iliadhimishwa kigangoni siku ya Jumamosi, tarehe 8 Februari 2020, wazee wa ukoo wakauliza tena habari ya shina la mgomba, akawaambia, "Mwanangu simwekei mgomba mahali pake, mahali pake panajulikana na Mungu," akachonga msalaba wa mninga, akausimamisha katika makaburi ya familia bila tuta, na wale waliokuwa wakisema habari za hirizi waliendelea kusema, lakini sasa aliwajibu, tena alikuwa anawafuata mpaka kwenye pombe kuwajibu, "Ndiyo, alikuwa nayo, nyie mna zenu ndani ya mioyo, tutaoshwa wote, kaeni chini."

Majibu ya Kanisa yalichukua muda, nayo yalipofika, Jumamosi tarehe 24 Julai 2021, Hosiana alifunga ndoa takatifu na Pantaleo kanisani Kagongwa, na kwa kuwa baba yake mzazi wa Chato alikwisha kufariki, Otmar aliomba yeye ndiye amwingize kanisani. Watu wakashangaa, baba mkwe anamwozesha mkwe wake wapi na wapi, na alipokuwa anapita katikati ya mabenchi amemshika Hosiana mkono, suti yake ikiwa bado na alama ya kukunjwa, Paschal alimnong'oneza kwa sauti iliyofika altareni, "Msukuma, huyu umemzaa lini?" na Otmar akajibu bila kugeuka, "Siku ile makaburini, na uchungu wake hujawahi kuuona."

Miaka iliyofuata aliitumia kwa kazi mpya ambayo hakupewa na mtu, kila Novemba alikwenda Bugarama, akapita kwenye machimbo ya zamani akiuliza wenyeji, hapa nani alibaki chini, anaitwa nani, ana ndugu, na waliokuwa hawana wa kuwataja alirudi nao kichwani akamtajia Katekista, wengine kwa jina moja tu la utani walilopewa na wachimbaji, na mara moja Katekista alisita akasema, "Mzee, hili la Kichwa Ngumu nalisomaje mbele ya altare?" akajibiwa, "Lisome, Mungu atajua ni nani, wewe hukuulizwa." Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu ilipata desturi yake ya kuwaombea waliobaki mashimoni kwa mzee huyu, na viongozi wake wameahidi familia kwamba haitaachwa.

Ugonjwa wake ulianza na kikohozi mwaka 2022, kumbe vumbi la mwamba alilolivuta miaka mingi lilikuwa limekaa katika mapafu, akatibiwa hapa Ushirombo, akapelekwa Kahama, akarudi, akaendelea kupiga randa kwa kukaa kwenye kiti, akikatazwa na mkewe anasema anainoa tu, na Agosti 2025 hali ilipozidi, Hosiana na Pantaleo walimchukua nyumbani kwao Kagongwa ili awe karibu na hospitali, na Hosiana ndiye aliyemwogesha, aliyemlisha, aliyemgeuza, kwa muda wote huo, Pantaleo akimbeba mgongoni kumpeleka nje kuota jua. Jumatatu, tarehe 6 Oktoba, Baba Paroko, ulifika, ukamwungamisha, ukampaka mafuta ya wagonjwa, ukampa Komunyo ya njiani, na ulipotoka mzee aliwaita watoto wake wote pamoja na Hosiana, akawapa agizo ambalo ametuapisha tulisome leo, nasi tunalisoma kama lilivyo.

Alisema, "Nawajua. Mtasimama mbele ya watu, mtasema mzee alikuwa mtu mwema, mzee yuko mbinguni, mzee anatuombea, halafu mtakula wali, mtaondoka, hakuna atakayeniombea tena. Msinifanyie hivyo. Mimi ni mbao mbichi bado, nina vifundo, nilikuwa na kiburi, nilimtesa binti wa watu miaka kwa miaka kwa sababu nilidhani nampenda mwanangu kwa niaba ya Mungu. Kuna kazi kubwa juu yangu. Mwacheni Mungu aifanye, na ninyi mshike upande wa pili, kwa Misa, kwa rozari, hata mkiwa shambani. Sitaki kupewa cheo ambacho sijafikia." Sikujua akalia, akasema, "Baba, usiseme hivyo, wewe umemaliza mwendo," akamjibu, na hapo alitabasamu, "Mwendo nimemaliza wa miguu tu, wewe nenda kaninunulie uji."

Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, saa kumi na moja jioni, hospitalini Kahama, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, mkono wake mmoja ukiwa kwa Scolastika na mwingine kwa Hosiana. Ameacha mjane mmoja, watoto watatu, Martina, Raphael na Sikujua, na wa nne, Hosiana, ambaye alimzaa kwa namna aliyoieleza mwenyewe, mkwe wake Pantaleo, dada yake Asteria, wajukuu akiwemo Febronia, na mtani mmoja ambaye tangu jana anazunguka hapa uani akitafuta mtu wa kugombana naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kahama waliomhudumia usiku na mchana, majirani wa Kagongwa waliomletea maziwa bila kuulizwa, majirani wa Namonge mliochimba kaburi na kupika, mafundi wenzake wa mashimoni mliotoka Bugarama mkatengeneza jeneza hili kwa mikono yenu, Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu, wanakwaya, Katekista, Baba Paroko, na yeyote tuliyemsahau, tunaomba asiondoke na kinyongo.

Na kwa kuwa ametukataza kumsifu tukaishia hapo, familia imekwisha kumtajia Katekista jina lake kwa Misa za mwezi ujao na kwa miaka itakayofuata, na inawaomba ninyi nyote mliokuja, mkifika majumbani mwenu leo, kabla hamjavua viatu, mseme sala moja kwa ajili yake na nyingine kwa ajili ya Abel, maana wako wawili huko.

Nenda ukapumzike, Otmar mwana wa Nkwabi, mikononi mwa Yeye ambaye hajakumaliza, na sisi huku kazi yako tunaianza leo.